Mimba ya Msimu wa Giza

Arseni alikwenda kusini kutibiwa mgongo, akarudi na mke. Ndivyo mabaharia wenzake walivyopenda kulisimulia jambo hilo, na Domnika, alipokuwa bado mgeni Murmansk, mji wa bandari kaskazini ya mbali, alilicheka pamoja nao. Alikuwa mhudumu wa bwalo la chakula katika nyumba ya mapumziko ya wafanyakazi kando ya mto Nistru, si mbali na kijiji chao. Arseni, fundi wa mitambo kwenye meli ya uvuvi, alikuja pale mweupe kama kitu kilichofunuliwa chini ya jiwe, akawa anakula zabibu kwa viganja viwili.

"Kaka, mbegu hutemi?" Domnika alimuuliza.

"Nikianza kutema nitachelewa," akajibu, mdomo umejaa.

Walioana vuli hiyohiyo. Divai mpya haijatulia kwenye mapipa, Domnika akawa ndani ya treni ya kaskazini, amefungashiwa na mama yake njugu za jozi, jibini la kondoo na kuku wa kuokwa. Mama yake, Sofronia, alikimbia kando ya behewa mpaka jukwaa la stesheni likaisha.

Sasa ulikuwa msimu wake wa tatu wa giza. Arseni alikuwa baharini, kama alivyokuwa baharini sehemu kubwa ya ndoa yao, na Domnika alikuwa na mimba iliyoanza kuonekana hata ndani ya koti. Alifanya kazi kiwanda cha nyavu. Kiangazi, jua la huko linapozunguka angani bila kutua, yeye alikuwa zamu ya usiku. Mchana alilala, blanketi limepigiliwa misumari dirishani. Siku za mapumziko zilikuwa za mvua na upepo, na hakuna aliyevua koti. Vuli ilipoingia, mapaja yakaanza kumuuma.

Hayakuwa maumivu ya kisu. Yalikuwa kama uchovu wa mtu aliyepalilia shamba siku nzima, ila hakuwa amepalilia chochote. Baadaye yakapanda kwenye nyonga, yakashika kiuno. Akigeuka kitandani alilazimika kushika chuma cha kitanda ajivute. Hakumwambia mtu, kwa sababu alijua, au alidhani anajua, ni kitu gani kile. Ilikuwa hamu ya kwao. Bibi yake mzaa mama alizoea kusema kwamba hamu hukaa miguuni, kwa kuwa miguu ndiyo inayotaka kwenda. Domnika aliliamini neno hilo hata akawa anayapokea maumivu kama mgeni anayemfahamu. Yakizidi jioni, alifumba macho akaiona njia ya kwao ya vumbi jeupe, mizabibu kushoto, milozi kulia, na mama yake anasonga ugali wa mahindi wa manjano kwenye sufuria nyeusi. Akifika pale machozi yalimtoka, na kwa namna fulani alijisikia nafuu.

Jirani yake alikuwa Bi Zinaida, mjane mwenye sauti ya king'ora aliyetumia naye jiko moja. Ni yeye aliyemkuta ngazini.

Ilikuwa Desemba, jua limeshaaga kabisa, na saa sita mchana nje kulikuwa na mwanga mdogo wa bluu tu. Domnika alikuwa anatoka dukani. Aliweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, akauamuru wa pili ufuate, mguu ukakataa. Alijaribu kuuinua kwa mikono, kama mtu anayeinua gunia. Kisha akakaa palepale, mfuko wa viazi mapajani, akatazama ukuta.

"Wewe, unaotamia mayai?" Bi Zinaida alipiga kelele kutoka mlangoni. "Ngazi ni barafu tupu hiyo, utampa mtoto mafua kabla hajazaliwa."

"Napumzika tu, Bi Zinaida."

"Unapumzika kabla ya kupanda? Mimi na miaka yangu napumzika nikishafika." Akamkazia macho, sauti ikashuka. "Hebu simama nikuone."

Domnika alisimama kwa kushika reli, uso umemkunjamana. Alipiga hatua mbili, akiyumba huku na huku.

"Tangu lini unatembea hivyo?"

"Ni hamu ya nyumbani tu. Itapita."

"Hamu!" Bi Zinaida alimnyang'anya viazi. "Mwanangu, mimi nimezika mume na kaka wawili, nina hamu ya kujaza bandari nzima, na bado napanda ngazi. Kesho tunakwenda kliniki. Na usinijibu."

Daktari wa kliniki ya wajawazito, Raisa Osipovna, alikuwa mwanamke mfupi mwenye vidole vya baridi. Hakuanza na tumbo. Alimlaza Domnika, akambonyeza mfupa wa mguu chini ya goti, taratibu, kwa kidole gumba. Domnika aliruka.

"Hapa panauma?"

"Panauma."

"Na mbavu? Hapa?"

Domnika alishika mkono wa daktari bila kukusudia, auondoe.

"Ganzi vidoleni? Misuli inakukaza usiku?"

"Ndiyo, daktari. Mguu unajikunja wenyewe."

Walimtoa damu, akaambiwa arudi. Aliporudi, Raisa Osipovna alikuwa na majibu mezani, na alivua miwani kabla ya kusema. Mwili wake, alimwambia, umeishiwa vitamini D. Ngozi huitengeneza ikipigwa na jua, na yeye jua hajaliona vya kutosha tangu afike mji huu. Bila vitamini hiyo, maziwa anayokunywa na jibini analokula vinapita tu. Kalsiamu haifiki kwenye mifupa. Na tumboni kuna mtu anayejenga mifupa mipya kutoka kichwani hadi kisiginoni.

"Yeye hasubiri ugawe," daktari alisema. "Anachukua kwako. Na kwako hakuna akiba. Ndiyo maana mifupa inakuuma, na misuli haina nguvu."

"Si hamu, basi?"

"Hamu gani?"

Domnika aliona haya kueleza. Daktari alipitisha kidole kwenye kadi yake, uso ukakunjika.

"Ulipokuja kujiandikisha nilikuandikia mafuta ya samaki. Nikakuandikia na chumba cha taa. Hapa naona ulikwenda mara moja tu. Kwa nini?"

Mafuta ya samaki alikuwa ameyamwaga kwenye sinki. Harufu yake ilimtapisha. Hilo alilisema haraka. La taa lilikuwa gumu zaidi.

Chumba cha taa kilikuwa chini ya kliniki. Wajawazito waliingia wamevaa nguo za ndani tu na miwani myeusi, wakasimama duara kuizunguka taa ya mionzi iliyolia kama nyuki, wakageuzwa kama mikate tanurini, kwanza mbele, kisha nyuma. Taa ile ilipowaka ilitoa harufu, na Domnika aliitambua mara moja. Ilikuwa harufu ya kwao baada ya radi, mvua ikiwa bado inadondoka kwenye majani ya mizabibu na jua limeshatoka. Miaka miwili hakuwa ameinusa hewa ile. Alisimama na miwani usoni, akalia mpaka mhudumu akamtoa, akidhani macho yameungua.

"Nilishindwa kurudi," alimwambia daktari. "Nikinusa tu, nataka kupanda treni."

Raisa Osipovna aliifunga ile kadi. Domnika alitegemea karipio, na karipio likaja, ila si kali.

"Sikiliza, binti. Siwezi kukuandikia kijiji chenu. Ningeweza, ningekiandika. Ninachoweza ni taa, na matone. Utakwenda kule chini, utalia ukitaka kulia, lakini utalia ukiwa umesimama mbele ya taa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Raisa Osipovna."

Akaenda. Alilia mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu mwanamke aliyesimama kulia kwake, mpishi wa meli mwenye tumbo kubwa kama pipa, alimpiga kikumbo.

"Dada, acha kulia, utaharibu likizo yetu. Si unaona tuko ufukweni? Mimi nasubiri tu mtu aniletee tikiti maji."

"Bahari iko wapi?" akauliza mwingine.

"Imejaa kwenye miguu yangu. Hebu tazama ilivyovimba!"

Duara zima lilicheka, mhudumu akagonga kioo, na Domnika akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka chini ya miwani. Matone ya vitamini alipewa ya mafuta yasiyo na harufu, akayadondoshea kwenye kipande cha mkate mweusi kila asubuhi. Bi Zinaida naye hakukubali kuachwa nyuma. Alifungua kopo la ini la samaki, akalisaga na yai na kitunguu, akasimama mlangoni mwa jiko mikono kiunoni. "Daktari kasema kidogo tu, usilifakamie. Lakini hicho kidogo hutoki hapa hujakimaliza."

Kabla ya mwaka mpya Domnika aliomba simu ya mbali. Kwao hakukuwa na simu isipokuwa ofisi ya kijiji, kwa hiyo mama yake aliitwa siku moja mapema, akaja amevaa nguo za kanisani. Domnika aliingia kwenye kibanda cha posta, akasikia mvumo, kisha pumzi ya mtu asiyezoea kushika mkono wa simu.

"Mama? Zungumza, mama, nakusikia!"

"Nizungumze wapi? Hapa au kule juu?"

"Popote! Hujambo?"

"Sijambo. Mbuzi kazaa. Unakula?"

"Nakula, mama. Niliumwa miguu, sasa natibiwa. Daktari kasema nimekosa jua."

Mvumo ukapanda na kushuka.

"Umekosaje jua? Halipo?"

"Halipo, mama. Msimu huu halichomozi kabisa."

"Mchana kutwa?"

"Mchana kutwa."

"Yesu wangu," alisema Sofronia. Akasikika anamwambia karani wa ofisi, kando ya simu, "Anasema huko halichomozi." Kisha akarudi. "Domnika, huyo mumeo alitwambia kuna baridi. Jua mbona hakulitaja?"

Domnika alisikia jogoo anawika mahali fulani nyuma ya mama yake, nje ya dirisha la ofisi ile, na akabana simu sikioni kwa nguvu ili asikie tena. Jogoo hakuwika tena. Muda ukaisha, simu ikakatika.

Jua lilirudi Januari. Siku za kwanza wingu lilifunika, watu wakapanda kilimani na kushuka bure. Mwishoni mwa mwezi kukakucha wazi, na Faina, mkuu wa zamu ya kina Domnika kiwandani, akaja mlangoni na wenzake, wakikokota kigari cha kuteleza juu ya theluji, kile cha kuchezea watoto.

"Panda, malkia."

"Nyie mna wazimu? Mimi mzito."

"Sisi tunavuta nyavu kutwa. Wewe una uzito gani? Bi Zinaida, mfunge kamba asije akatuponyoka!"

Wakamfunga mablanketi kama mzigo wa posta, Bi Zinaida akamvika mabuti yake mwenyewe ya sufu. Walimvuta kilimani kwa zamu, wakiteleza, wakitukanana kwa mapenzi, wakisimama kupumua. Faina alianguka kifudifudi, akainuka na nyusi nyeupe. Juu kulikuwa na watu wengi tayari, wamenyamaza, nyuso zimeelekea kusini. Mbingu ilikuwa ya rangi ya pichi. Kisha ukingo wa kilima cha mbali ukashika moto, na kipande chembamba cha jua kikajitokeza, chekundu, hakina joto.

Watu walipiga kelele. Mtu alipiga tarumbeta vibaya. Faina alimvuta Domnika kofia nyuma ili paji la uso lipate mwanga. Domnika alilitazama jua mpaka macho yakamuuma, na alichofikiri ni kwamba saa hii hii, kusini moja kwa moja kutoka pale, limesimama juu ya ua wa kwao. Mama yake anakung'uta mkeka, au anapasua kuni, na kivuli kimelala miguuni mwake, naye hana habari nacho. Alilitazama kama mtu anavyomtazama jamaa aliyetoka kwao na ambaye hawezi kukaa. Halikukaa. Lilizama palepale lilipochomozea.

"Vipi?" Faina alimuuliza wakishuka. "Umefurahi?"

"Nimefurahi," alisema Domnika, na hakusema uongo, ila furaha haikuwa peke yake.

Siku moja Februari alikwenda kiwandani kuwasalimu wenzake, akarudi, akapanda ngazi za nyumbani, akafungua mlango, akavua koti. Akiwa ameshika kitasa ndipo alipogundua kwamba amepanda mpaka juu bila kushika reli. Alibonyeza mguu chini ya goti, pale daktari alipobonyeza. Paliuma kidogo tu, kama jeraha linalofunga. Akakaa kitandani, akasubiri. Miezi yote ile alidhani maumivu na hamu ni kitu kimoja, na tangu daktari ampe matone alikuwa na tumaini asilolitamka, kwamba vyote vitaondoka pamoja. Sasa mifupa ilikuwa imetulia. Na njia ya vumbi jeupe ilikuwepo palepale, na ugali wa manjano, na sauti ya jogoo simuni. Hamu haikuwa imepungua hata kidogo. Ilikuwa imebaki peke yake ndani yake, bila kitu cha kuisingizia, na hakukuwa na tone la kuitibu.

Ilinka alizaliwa Machi, wakati wa dhoruba ya theluji. Arseni aliipata habari kwa redio ya meli, karibu na Visiwa vya Faro, na inasemekana alipanda juu ya sitaha bila kofia akawaimbia shakwe. Mtoto alilia vizuri, akanyonya vizuri. Lakini Raisa Osipovna, alipokuja kumkagua, alipapasa kisogo chake kwa muda mrefu, akabonyeza, mfupa ukabonyea na kurudi, kama kopo jembamba.

"Ni laini," alisema.

Domnika alijiinua. "Nimemnyima."

"Ulimpa ulichokuwa nacho. Ungekawia zaidi kuja, tungekuwa tunazungumza mambo mengine leo. Huyu tutampa matone, na miezi michache utakigonga kichwa hiki kama mlango." Alimfunika mtoto. "Kiangazi mtoe nje. Na kama una pa kumpeleka, mpeleke."

Arseni alirudi Mei, ndevu mpaka kifuani. Alimshika binti yake kama unavyoshikwa mtungi uliojaa pomoni. Walipomaliza kula, Domnika alimwambia bila kuzunguka.

"Nataka kwenda nyumbani."

"Nenda. Kaa kiangazi kizima. Nikipata likizo nitawafuata."

"Na baadaye?"

Arseni alitazama meza. "Baadaye turudi. Kazi yangu iko hapa, Domnika. Kule nitatengeneza nini, matrekta?"

"Wewe kila ukitoka baharini unarudi kwenu. Mimi tangu nipande ile treni bado niko safarini."

Arseni aliinuka akaosha vyombo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Bi Zinaida aliyekuwa jikoni alitoka kimyakimya.

Sofronia alimpokea mjukuu wake stesheni, na hakusubiri wafike nyumbani. Kwenye mkokoteni alimvua soksi. Uani alitandika ngozi ya kondoo chini ya mlozi, asubuhi jua likiwa bado pole, akamlaza Ilinka uchi. Mtoto alikunja uso, akapiga chafya, kisha akatandaza mikono na kutulia. Wanawake wa jirani walikuja kumwona mtoto aliyetoka mahali kusikokucha, wakamgusa mashavu.

"Na huyu mama yake mbona anatembea kama bata?" mmoja aliuliza.

"Mwache," Sofronia alisema. "Anajifunza upya."

Domnika alilala shambani. Alilala mchana, kifudifudi, kati ya mistari ya mizabibu, mgongo wazi, mpaka ngozi ikambabuka. Alitembea kila siku mbali zaidi, mpaka mtoni na kurudi. Mwendo wa bata ukaisha. Kichwa cha Ilinka kikakaza. Agosti Arseni akaja, akala zabibu kwa viganja viwili, akamsaidia mama mkwe kuezeka banda. Jioni moja Sofronia alimwita binti yake kando ya kisima.

"Baki," alimwambia. "Simkatai mumeo, ni mtu mwema. Lakini baki."

Domnika aliwatazama Arseni na mtoto, baba amelala chali nyasini, Ilinka amekaa juu ya kifua chake anamvuta ndevu. Miezi ile michache alikuwa amemkumbuka Arseni kwa namna iliyomshangaza yeye mwenyewe. Na, jambo ambalo hakulitegemea, alikuwa ameikumbuka sauti ya Bi Zinaida. Hakuna aliyemlazimisha. Alimwambia mama yake kwamba atarudi kaskazini, na kwamba kila kiangazi ataleta mtoto. Sofronia aliinamisha kichwa, akavuta ndoo.

Siku ya safari alikuja stesheni na kikapu cha zabibu, akawabusu wote, akamwekea Ilinka msalaba kwenye paji la uso kwa kidole. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi, ameipa treni mgongo. Injini ilipiga honi. Domnika aligonga kioo, akaita, akamwinua mtoto dirishani. Mama yake hakugeuka. Kilichoonekana mpaka mwisho wa jukwaa kilikuwa fundo la kitambaa chake cha kichwa.

Ahadi ilitimizwa. Walikuja kila kiangazi, Ilinka, na baadaye mdogo wake, ambaye Domnika alimbeba tumboni akienda chumba cha taa tangu theluji ya kwanza. Lakini Sofronia hakufika tena stesheni. Kila walipoondoka aliwaaga langoni, huku amewageukia kidogo tu, akijifanya anatafuta ufunguo mfukoni mwa aproni.